NYUMBA NJEMA NI MLANGO: Uhandisi wa Miundo katika Kuligeuza Jengo la Kale Kuwa Shule ya Mahitaji Maalumu, Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutufunza tusikihukumu kitu kwa sura yake ya nje. Hata hivyo, yuko mtoto ambaye kwake methali hii haitoshi. Ni yule anayetembelea kiti cha magurudumu. Mlango wenye upana wa sentimita 75, uliotanguliwa na vidato vitatu vya mawe, kwake ndio mwanzo na mwisho wa nyumba. Hawezi kufungua akaingia ndani. Basi uzuri wa nyumba hiyo atausikia kwa wengine tu.

Makala haya yanajadili namna uhandisi wa miundo unavyoweza kulibadilisha jengo la kihistoria ili liwe shule ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mazingira tuliyoyateua ni Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, ambako majengo ya mawe ya enzi ya ukoloni bado yamesimama. Hoja yetu kuu ni moja: katika jengo la aina hii, mahitaji ya mtoto si pambo linaloongezwa baada ya mhandisi kumaliza kazi yake. Mahitaji hayo ndiyo yanayoamua ukuta upi utobolewe, kenchi ipi iongezewe nguvu na msingi upi uchimbwe. Anayeyaacha hadi mwisho hulazimika kulivunja jengo mara mbili.

Huenda msomaji akauliza: hoja ya kihandisi inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba shule kama hii hujengwa na watu wengi wanaokaa meza moja: mhandisi, fundi, mwalimu mkuu na wazazi. Aghalabu ripoti ya mhandisi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kazi yenyewe huamrishwa kwa Kiswahili. Kati ya ripoti na agizo kuna pengo, na pengo hilo ni wajibu wetu sisi tunaoisoma lugha.

2.0 Majengo ya Kale na Matumizi Mapya

Kubadilisha matumizi ya jengo si jambo geni katika eneo hili. Huko Ruring'u, nje kidogo ya mji wa Nyeri, lipo jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika wakati wa ukoloni, ambamo kesi za kimila zilisikizwa. Leo jengo hilo ni Makumbusho ya Nyeri, chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mjini Meru, jengo la mawe lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya limekuwa makumbusho tangu mwaka 1974. Katika uwanja wa Hoteli ya Outspan, Nyeri, ipo Paxtu, nyumba ndogo iliyojengwa mwaka 1938 kwa ajili ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Nayo huhifadhiwa na kuonyeshwa kwa wageni.

Hatupendekezi kwamba majengo hayo yaondolewe katika kazi yake ya sasa. Tunayataja kwa sababu yanathibitisha kuwa jengo lililojengwa kwa shabaha moja linaweza kuitumikia nyingine. Pamoja na hayo, tofauti kati ya makumbusho na shule ni kubwa. Mgeni wa makumbusho hutembea kwa saa moja akaenda zake. Mwanafunzi huketi humo mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka. Hukimbia, husukumana mlangoni kengele ikilia, na pengine hulala humo.

Eneo hili pia lina historia ya elimu maalumu. Tumutumu, karibu na Karatina, ipo shule ya viziwi katika kituo cha kale cha misheni ya Kipresbiteri. Egoji, katika Kaunti ya Meru, ipo Shule ya Mtakatifu Lucy ya wasioona. Kusini zaidi, mjini Thika, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1946. Kwa hiyo wanafunzi wapo, walimu wapo, na majengo imara ya mawe yapo. Swali lililobaki ni jinsi ya kuyakutanisha pasipo kuwadhuru watoto wala kuiharibu historia.

3.0 Kumjua Mtoto Kabla ya Kuujua Ukuta

Kosa la kwanza katika miradi ya aina hii ni kuanza na jengo. Mhandisi huitwa, hupima kuta, hutoa michoro, kisha mwalimu huulizwa kama anahitaji chochote zaidi. Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo. Kwanza na iulizwe: ni watoto gani watakaosoma hapa? Neno "mahitaji maalumu" hukusanya hali nyingi, na kila hali huligusa jengo mahali pake.

(a) Mtoto mwenye ulemavu wa viungo huhitaji mlango wenye nafasi wazi ya sentimita 90 hivi, nafasi ya kugeuzia kiti yenye kipenyo cha mita 1.5, njia ya mteremko badala ya vidato, na choo chenye vyuma vya kushikilia. Vyuma hivyo hubeba uzito wa mwili mzima unapohamishwa kutoka kitini. Haviwezi kupigiliwa katika lipu iliyooza.

(b) Mtoto mwenye ulemavu wa kusikia huhitaji mwanga wa kutosha usoni na mikononi mwa mwalimu ili aione Lugha ya Ishara ya Kenya. Anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia huhitaji pia chumba kisicho na mwangwi, kwa maana kifaa hicho hukuza kelele pamoja na sauti.

(c) Mtoto asiyeona huhitaji njia zilizonyooka, sakafu inayobadilika mguso mahali pa hatari, na kuta zisizo na vitu vilivyochomoza kwenye kimo cha kichwa. Mwenye uoni hafifu hunufaika na rangi zinazotofautisha mlango na ukuta.

(d) Mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili huhitaji mpangilio usiomkanganya na chumba kidogo cha utulivu, mbali na makelele.

Msomaji atatambua kwamba karibu kila hitaji lililotajwa linamaanisha kukata, kuongeza au kutundika kitu. Katika jengo jipya la nguzo na mihimili ya zege, kukata ukuta wa kugawanya vyumba ni kazi nyepesi, kwa kuwa ukuta huo haubebi kitu. Katika jengo la kale la mawe, ukuta ndio mbebaji. Paa limeukalia, na sakafu ya juu imeuegemea. Kuukata ukuta huo ni sawa na kumwomba mchukuzi ainue mguu mmoja akiwa na gunia kichwani.

4.0 Kulisoma Jengo

Baada ya kumjua mtoto, ndipo jengo lisomwe. Tunatumia neno "kusoma" kwa makusudi, kwani jengo la kale huandika habari zake lenyewe, na nyufa ndizo herufi zake.

Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya mawe, karibu na pembe ya nyumba, mara nyingi huashiria kwamba msingi umetitia upande mmoja. Ufa wa wima ulio mwembamba chini na mpana juu huweza kuonyesha kwamba paa linazisukuma kuta nje. Lililo muhimu zaidi ni kujua kama ufa ungali hai. Njia ya zamani, ambayo bado inafaa, ni kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa lipu na kuandika tarehe kando yake. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea. Uchunguzi wa namna hii hautoshi kwa juma moja. Sharti upitie mvua ndefu za Machi hadi Mei na kiangazi kinachofuata, kwa sababu udongo hubadilika kwa majira.

Udongo wenyewe hutofautiana sana katika eneo hili. Miteremko ya Nyeri, Karatina na Meru ina udongo mwekundu wa kivolkano, mzito na wenye kupitisha maji vizuri. Tambarare kadhaa, kama zile za Mwea na baadhi ya sehemu za Kieni, zina udongo mweusi ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka hadi kupasuka. Jengo lililo juu ya udongo mweusi hupanda na kushuka kila mwaka. Kwa sababu hiyo huchimbwa mashimo machache kando ya msingi ili ionekane umekwenda chini kiasi gani na umekalia nini.

Kisha huchunguzwa chokaa au udongo ulioyaunganisha mawe. Wajenzi wengi wa zamani hawakutumia saruji ngumu. Chokaa huruhusu unyevu utoke ukutani, na hukubali miendo midogo bila kuvunjika. Fundi wa leo akiziba viungo hivyo kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, na jiwe lenyewe ndilo linaloanza kumeguka. Mafundi wa Lamu na Unguja wanaokarabati nyumba za matumbawe wanalijua somo hili vyema. Huku bara tumelisahau.

Mbao za paa nazo hupimwa. Mwerezi wa milima yetu, ambao kwa Kikuyu huitwa mutarakwa, hustahimili mchwa kwa miaka mingi, lakini ncha zake zilizozikwa ukutani huoza pale mfereji wa maji unapovuja. Fundi huzichoma ncha hizo kwa bisibisi: ikizama kwa urahisi, ubao umekufa hata kama rangi yake ingali nzuri. Pakiwa na mabati ya asbesto, yasiguswe ila na wenye idhini, kwa maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Mwisho, tusisahau tetemeko la ardhi. Tarehe 6 Januari 1928 eneo la Subukia, upande wa pili wa Nyandarua, lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa uliokaribia 7. Kuta nene za mawe zisizo na vyuma hubeba uzito wa kushuka vizuri sana, lakini hazipendi kutikiswa kwa upande. Hivyo ni busara kuzifunga kuta kwa kenchi na kwa sakafu, ili jengo zima litende kazi kama sanduku moja na si kama kadi zilizosimamishwa.

5.0 Hesabu Tatu

Ili hoja yetu isibaki ya maneno matupu, tuchukue jengo la kufikirika: ofisi ya zamani ya mawe, yenye kuta za unene wa sentimita 45 na ukumbi wa mita 12 kwa 8, wenye kimo cha mita 5. Vipimo hivi ni vya kufunzia tu.

5.1 Mlango

Mlango uliopo una upana wa sentimita 75. Tunataka uwazi wa sentimita 100 katika ukuta, ili fremu ikishatiwa ibaki nafasi ya 90. Tunaongeza robo ya mita tu. Je, linta iliyo juu ya mlango itaongezewa mzigo kiasi gani?

Mawe yaliyojengwa kwa kupishana hujitengenezea upinde wa asili. Linta haibebi ukuta wote ulio juu yake, bali pembetatu ya mawe iliyo chini ya upinde huo. Tukichukua pembetatu ya pande sawa, na kuongeza sentimita 20 kwa ajili ya sehemu linta inapokalia, urefu wa hesabu ni sentimita 95 kwa mlango wa zamani na 120 kwa mpya. Ukuta ukiwa na uzito wa kilo 2,200 kwa mita ya ujazo, linta ya zamani hubeba kilo 387 hivi, na mpya kilo 617 hivi. Urefu umeongezeka kwa takriban asilimia 26, ilhali mzigo umeongezeka kwa asilimia 60, kwa sababu eneo la pembetatu hukua kwa mraba wa urefu. Nguvu ya kuipinda linta, inayotokana na mzigo ukizidishwa kwa urefu, imekuwa maradufu.

Hapo hatujahesabu kenchi. Iwapo mguu wa kenchi unatua ndani ya pembetatu hiyo, uzito wa paa nao unaingia. Pia mawe yaliyobaki kati ya mlango na dirisha la jirani yamepungua upana, nayo sasa yanabeba zaidi. Kumbe robo ya mita iliyoonekana kama kazi ya patasi na nyundo ni badiliko la muundo mzima wa ukuta ule.

Kwa hiyo kazi hufanywa kwa hatua. Mihimili ya muda hupitishwa ukutani juu ya mlango na kuegemezwa kwa nguzo pande zote mbili. Mfereji hukatwa katika nusu ya unene wa ukuta, linta mpya huingizwa, na nafasi iliyo juu yake hushindiliwa mota kavu hadi ibane. Ikishakomaa, ndipo nusu ya pili ikatwe. Mlango hupanuliwa mwisho, baada ya linta zote mbili kushika.

5.2 Dari

Tuje kwa mtoto mwenye kifaa cha kusikilizia. Ukumbi wetu una ujazo wa mita 480. Kuta, sakafu na dari kwa jumla zina mita za mraba 392, na kwa kuwa ni ngumu, tuseme hunyonya asilimia 5 tu ya sauti. Kwa kanuni ya Sabine, mwangwi huchukua karibu sekunde 4 kufifia. Neno la kwanza la mwalimu halijafa, na la kumi limeshatamkwa. Viwango vya Uingereza kwa madarasa ya watoto wenye ulemavu wa kusikia hutaka muda usiozidi sekunde 0.4.

Dawa mojawapo ni kutundika dari inayonyonya sauti kwenye kimo cha mita 3. Ujazo hupungua hadi mita 288, na dari yenyewe humeza sehemu kubwa ya sauti. Mapazia, zulia na mbao laini za matangazo humalizia. Lakini dari ya kilo 15 kwa mita ya mraba ina uzito wa kilo 1,440 ukumbini mote. Takriban tani moja na nusu imening'inizwa kwenye kenchi zilizopimwa zamani kwa ajili ya mabati na upepo tu. Mhandisi aliyezikagua kenchi hizo kabla hajaambiwa habari ya dari hana budi kuanza upya.

Sakafu za juu nazo zina kisa hichohicho. Kwa viwango vya Uingereza vilivyotumika Kenya kwa miaka mingi, chumba cha kulala cha nyumba ya kawaida hupimwa kwa kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba, na darasa kwa kilo 300 hivi. Ghorofa la mbao lililokuwa makao ya afisa haliwi darasa kwa kubadilisha kibao mlangoni. Aghalabu ni heri madarasa na vyumba vya tiba viwekwe chini, na juu paachiwe ofisi.

5.3 Njia ya mteremko

Majengo mengi ya mawe ya eneo hili yameinuliwa juu ya ardhi ili kuepuka maji ya mvua. Ikiwa sakafu iko sentimita 60 juu, mteremko wa 1 kwa 12 unahitaji urefu wa mita 7.2. Tukiongeza mapumziko matatu ya mita 1.5 kila moja, chini, katikati na juu, tunafika mita 11.7. Mteremko mfupi kuliko huo humshinda mtoto anayejisukuma, na humponyoka anayeshuka.

Wapo mafundi ambao hulaza zege hilo likigusa ukuta wa zamani na kulifunga kwa vyuma. Hilo ni kosa. Mteremko mpya una uzito wake na msingi wake. Utatitia kwa kadiri yake, na ukifungwa kwa ukuta utauburuta. Aidha, maji hunaswa kati ya zege na jiwe na kupanda ukutani. Sharti usimame kwa miguu yake, uachane na ukuta kwa nafasi ndogo iliyozibwa kwa kitu laini, na umwage maji mbali na jengo. Ukijengwa hivyo, unaweza pia kuondolewa siku moja bila kuacha kovu.

6.0 Moto

Kaunti ya Nyeri inaijua huzuni ya moto shuleni. Mwaka 1999 viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri waliuawa kwa moto usiku. Septemba 2024, moto ulizuka katika bweni la shule moja ya msingi huko Endarasha, Kieni, na wanafunzi 21 wakafariki. Tunayataja haya kwa heshima, kwa kuwa somo lolote kuhusu majengo ya shule katika eneo hili lisiloyakumbuka halijakamilika.

Kuta za mawe haziungui, na hilo huwapa watu imani ya uongo. Paa, dari na sakafu za mbao huungua. Mbao laini huliwa na moto kwa kadiri ya milimita 0.65 kwa dakika. Kwa nusu saa, takriban milimita 20 hupotea kila upande. Boriti yenye upana wa milimita 75 hubakiwa na 35. Yenye upana wa 150 hubakiwa na 110. Ndiyo maana boriti nene za kale wakati mwingine husimama muda mrefu kuliko mbao nyembamba za kisasa, na ndiyo maana haifai kuziondoa bila kupima.

Hata hivyo, mtoto asiyesikia kengele, asiyeuona mlango au asiyeweza kukimbia anahitaji muda zaidi kuliko wenzake. Kwake, kila chumba kikubwa kinahitaji milango miwili iliyo mbali baina yake, inayofunguka kwa nje, madirisha yasiyo na vyuma, na kengele inayomulika taa pamoja na kulia. Mlango wa pili ni tundu jipya katika ukuta unaobeba paa. Tumerudi tena kwenye hesabu ya 5.1. Mlango huo usipopangwa mwanzoni, utakuja kutobolewa kwa haraka baada ya mkaguzi kulalamika, pengine chini ya mguu wa kenchi.

7.0 Onyo Kutoka Unguja

Majengo ya kale hayaanguki tu kwa kuachwa. Huanguka pia yakitengenezwa. Mfano ulio karibu na nyoyo za wasomaji wa Kiswahili ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mjini Zanzibar mwaka 1883. Jumba hilo lilipata kuwa ikulu ya sherehe, kisha ofisi za serikali, kisha makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha.

Funzo ni kwamba jengo lililochoka huwa katika hatari kubwa zaidi pale linapoguswa. Lisiguswe kabla ya kuegemezwa. Lifunguliwe sehemu moja kwa wakati mmoja. Wanafunzi wasisome katika chumba cha pili huku cha kwanza kikikatwa linta, hata kama muhula umeshaanza na wazazi wana haraka.

8.0 Sheria na Kumbukumbu

Sheria mbili hukutana katika jengo la aina hii, na mara nyingine huonekana kana kwamba zinavutana. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 hulinda majengo yaliyotangazwa kuwa urithi, yasibadilishwe bila idhini. Kwa upande mwingine, kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na mahali pote kwa namna ifaayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya 2025, ilidai vivyo hivyo kuhusu majengo ya umma.

Mvutano huo hupungua endapo kanuni moja itafuatwa: badilisha kidogo kadiri iwezekanavyo, na badiliko liweze kutambulikana na kuondoleka. Mteremko uliosimama peke yake, dari iliyotundikwa chini ya ile ya zamani bila kuipasua, linta ya chuma inayojionyesha kuwa ya leo: hayo yote humhudumia mtoto na kumwachia mwanahistoria kazi yake. Mawe yaliyotolewa mlangoni yapewe namba na kuhifadhiwa.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Majengo haya mengi yalijengwa na dola iliyomweka Mwafrika nje ya mlango, aingie tu anapoitwa shaurini. Kuyahifadhi si kuusifu utawala ule. Lakini ukuta uleule ukipanuliwa mlango ili aingie mtoto ambaye hata jamii yake ilizoea kumficha nyumbani, historia ya jengo haifutwi. Huongezewa sura ambayo wajenzi wake hawakuikusudia.

9.0 Lugha ya Kiwanja cha Ujenzi

Tumetumia maneno kama kenchi, linta, timazi, mota na lipu. Mengine ni ya mkopo, mengine ni ya kale, na yote yamo vinywani mwa mafundi. Mwanafunzi wa isimu asiyaone kuwa duni. Fundi anapoambiwa "egemeza kabla hujakata", anaelewa papo hapo. Agizo lilelile likibaki katika ukurasa wa 40 wa ripoti asiyoisoma, ukuta hukatwa bila kuegemezwa. Wanafunzi wa Kiswahili na wa uhandisi wa vyuo vyetu wangeweza kukaa pamoja na kuandaa muhtasari wa Kiswahili kwa kila mradi wa shule, ili mzazi aulize swali lake na kujibiwa: je, ukuta huu utamhimili mwanangu?

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mlango, dari, mteremko na njia ya kuukimbia moto, ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa "huduma za ulemavu", katika jengo la mawe la kale ni masuala ya muundo. Robo ya mita ya mlango huongeza maradufu nguvu inayoipinda linta. Utulivu wa darasa hutundika tani moja na nusu kwenye paa. Kwa sababu hiyo, mwalimu na mzazi wasiitwe mwishoni kuchagua rangi. Waitwe kabla ya timazi kushushwa.

Methali ya wahenga tunaiheshimu, ila tunaomba ruhusa ya kuiongezea. Nyumba njema si mlango kwa yule awezaye kuufungua. Kwa yule asiyeweza, nyumba njema huanzia mlangoni.